Yule wa Jumanne

Kompyuta haijui harufu ya chuma kinachoungua.
Inauliza tu, kwa herufi za kijani:
metali gani? kina gani? mfereji upana gani?
Najibu kama niko mbele ya karani wa vitambulisho.

Karakana yetu ni hii ya Kariobangi, nyuma ya wauza springi.
Mlango ni wa bati. Ndani limesimama jitu lililokuja kwa meli
na kibao cha maandishi ambayo hatuna wa kuyasoma.
Kazi ya leo ni kalibu ya soli za viatu vya shule:
bamba la aluminiamu, nene kama kamusi,
mifereji arobaini na miwili,
mtoto wa mtu asiteleze kwenye matope ya Aprili.

Programu inafikiri muda wa kupiga chafya,
kisha inanipa jina moja:
kabaidi, meno matatu, milimita sita,
mizunguko elfu kumi na mbili kwa dakika.
Nacheka peke yangu.
Jitu hili likipita elfu tano hutetemeka kama lina malaria,
na bei ya kisu hicho ni kodi ya chumba changu
na cha jirani.

"Imesema nini?" anauliza Ndolo.
"Imesema sisi ni matajiri."

Wahenga walituambia mwenye kisu kikali ndiye mla nyama.
Hawakutuambia azungushe kwa kasi gani,
wala afanye nini mwenye visu thelathini na vinane
vilivyonolewa hadi vikasahau vipimo vyao,
vimelala kwenye mikebe ya mafuta ya kupikia,
vimefungwa magazeti ya uchaguzi uliopita.

Basi nikavitoa.
Usiku tatu, mimi na maikromita na chai ya rangi,
kimoja kimoja, nikakiandikia kompyuta kilivyo,
si kilivyochorwa shingoni.
Kinachojiita kumi ni tisa nukta sita nne.
Chenye meno manne kimebaki na matatu na kisiki.
Meno mengi si ukali: kwenye aluminiamu
meno manne hujaa ulafi, vinyoleo vikakosa pa kutokea,
vikaganda, kisu kikageuka kijiti cha ugali.

Penye sanduku la jina nikaandika anavyowaita Ndolo,
maana yeye visu huviita kama watu:
Mkia wa Panya. Shemeji. Bwana Kelele.
Yule wa Jumanne.

Nikaandika pia homa ya jitu: mwisho elfu nne mia nane.
Nikaandika stoo yetu, umaskini wetu, nukta kwa nukta,
halafu nikauliza swali lile lile la asubuhi.

Ikakaa kimya. Feni yake ikapumua.
Farah wa viatu akapiga simu mara ya tatu, hatukushika.

YULE WA JUMANNE, ikajibu. Meno mawili. Tano nukta nane saba.
Na njia ikaichora upya, imejisogeza pembeni kidogo,
kufidia unywele uliopotea kwenye jiwe la kunolea.

Ndolo alisoma skrini mara mbili, midomo ikicheza.
Kisha akakifunga kisu kwa ile mikono yenye vidole tisa
na hakukaza kwa hasira kama kawaida.

Mfereji wa kwanza ulilia.
Wa pili ukapata sauti yake,
vinyoleo vikaruka vyeupe, vyepesi, vya kukunjika,
Ndolo akisukuma mafuta kwa brashi ya kupaka rangi,
mimi nikihesabu bila kutaka.
Wa arobaini na mbili ulipokwisha
aliingiza ukucha ndani, akauburuta hadi mwisho.
Hakusema kitu. Akafuta ukucha kwenye ovaroli.

Sasa programu inataka kitu kimoja kabla ya kufunga:
MAISHA YALIYOBAKI, na kisanduku kitupu
kinachopepesa kama jicho.
Nimesoma kanuni. Nimetoa dakika hamsini na tatu za leo.
Namba ninayo.

"Hapo," Ndolo anasema, akikirudisha kisu kwenye gazeti lake,
"hapo paache wazi."